Nani Amchangie Mpanda Mlima?

Kwenye nembo ya taifa la Kenya, chini ya miguu ya simba wawili walioshika mikuki, umechorwa Mlima Kenya ukiwa na kahawa, chai, pareto, mkonge, mahindi na mananasi. Chini ya mlima huo kuna utepe wenye neno moja, Harambee. Mlima na mchango vimekaa hivyo tangu uhuru, kimoja juu ya kingine, kwenye sarafu, pasipoti na barua za serikali. Lakini kwa wale wanaouona mlima wenyewe wakifungua mlango asubuhi, kuanzia Runyenjes na Chuka hadi Chogoria, Nkubu na Timau, ni nadra vitu hivyo viwili kukutana. Mlima umepandwa kwa pesa za kila aina, na pesa za harambee zimekuwa chache mno.

Harambee ya Meru au Embu ina utaratibu wake na kila mtu anaujua. Huundwa kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina anayeaminika. Kadi huchapwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa, nambari ya paybill husambazwa, na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 ndugu aliye mbali hana tena sababu ya kukosa kutoa. Watu huchangia bili ya hospitali, mazishi, karo ya mtoto aliyeitwa chuo kikuu, mabati ya kanisa. Haja inaonekana kwa macho, na anayetoa leo anajua kwamba kesho huenda zamu ikawa yake. Sasa katika foleni hiyo asimame mtu mzima, mwenye afya na ajira, aombe apelekwe Himalaya.

Mchukulie mwuguzi wa Chuka au mwalimu wa Embu ambaye kila likizo huonekana akipita lango la Chogoria na mzigo mgongoni. Amefika kilele cha Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985, akarudi, akaenda tena, na sasa moyo wake umevuka bahari. Mzee yeyote wa kijijini ana haki ya kumwuliza, “Kijana wangu, huko juu umesahau nini?” Swali hilo lina uzito mahali hapa. Wazee wa Meru na Embu walielekeza nyuso zao kwenye mlima huu walipoomba mvua na amani. Walikuwa wakiutazama kwa unyenyekevu, kutoka mbali. Hata mtu asiyefuata tena ibada hizo amebaki na hisia kwamba huko haendi mtu bila sababu.

Ni swali zuri, na mpandaji anayelikwepa hajaanza kujiandaa. Anayeomba pesa za matibabu haelezi kwa nini anataka kupona. Anayeomba pesa za kupanda mlima hana budi kueleza kila kitu: kwa nini mlima huo, kwa nini sasa, kwa nini yeye, na atarudi vipi. Hakuna mbio wala kunyanyua vyuma kunakomlazimisha mtu kujichunguza kiasi hicho. Kwa hiyo kuchangisha ni sehemu ya upandaji wenyewe, na kwa mtu asiye na mfadhili ndiyo sehemu ndefu kuliko zote.

Hesabu inatisha tangu mstari wa kwanza. Hadi Agosti 2025 kibali cha serikali ya Nepal cha kupanda Everest kwa njia ya kawaida ya kusini, katika msimu wa Aprili na Mei, kilikuwa dola 11,000. Tangu tarehe 1 Septemba mwaka huo ni dola 15,000, takriban shilingi milioni 1.9 za Kenya, na pesa hizo zinanunua ruhusa tu. Bado mpandaji hajalipia ndege, mwongozaji, wapagazi, mpishi, hema, mitungi ya oksijeni, wala bima ya kuleta helikopta akizidiwa. Ukijumlisha yote unafika makumi ya maelfu ya dola. Vifaa vya Mlima Kenya mtu anaweza kuvikusanya polepole kwenye mitumba ya Gakoromone mjini Meru au Gikomba jijini Nairobi: jaketi zito, suruali ya kuzuia upepo, hata buti nzuri iliyovaliwa kidogo tu huko Ulaya. Suti nzima ya manyoya ya bata, na buti za tabaka mbili zinazohimili baridi ya mita 8,000, hazimo katika marobota hayo.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwa urahisi, na ndiyo inayouma zaidi. Mwingereza Halford Mackinder na waongozaji wake wawili kutoka Courmayeur nchini Italia, César Ollier na Joseph Brocherel, walipofika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899, walivuka barafu ngumu kiasi kwamba iliitwa ya almasi, na jina la Diamond limebaki hadi leo. Wakati huo mlima ulikuwa na barafu kubwa 18 za kudumu. Ile ya Lewis, kubwa kuliko zote, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Njia ya Diamond Couloir, iliyowahi kuwavuta wakwea barafu hodari wa dunia, imeyeyuka sehemu kubwa. Mtu wa Meru aliyezaliwa mwaka 1960 angeweza kujifunza kutembea na kramponi, miiba ya chuma inayofungwa chini ya buti, na kushika shoka la barafu kwa safari ya siku chache kutoka nyumbani kwao. Aliyezaliwa mwaka 2000 atakata tiketi ya ndege ili ajifunze jambo lilelile. Barafu imeondoka na shule yake, na ada ya shule mpya inalipwa kwa dola. Watu wa Chogoria hawakuuyeyusha mlima wao, lakini bili imewafikia.

Wala mlima haujawahi kupandwa bure. Mackinder mwenyewe alisaidiwa gharama na Campbell Hausburg, jamaa wa mke wake, ambaye pia alifuatana naye. Msafara wao ulikuwa na Wazungu sita, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Vitabu vimehifadhi majina ya watatu waliofika juu na la yule aliyelipa. Waliobeba wamebaki idadi. Tangu siku hiyo kulikuwa na mwenye pesa, mwenye ujuzi na mwenye mzigo, na mtu wa miteremko hii aliingia kwa mlango wa tatu, akawekwa hapo kwa miongo mingi. Ndiyo maana habari ya Kisoi Munyao, kijana wa Ukambani aliyepandisha bendera ya Kenya mlimani usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, iliwagusa watu ambao hawajawahi kufika hata kwenye ukingo wa msitu. Safari hiyo Mwafrika alikuwa amebeba kitu chake mwenyewe.

Wapo waliopanda bila senti. Felice Benuzzi, Mwitalia aliyekuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Waingereza huko Nanyuki, alichoka kuutazama mlima kupitia seng'enge. Yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walijiandaa kwa siri kwa miezi. Nyundo ziligeuzwa mashoka ya barafu. Vyuma chakavu vikawa kramponi. Kamba za katani za vitandani zikawa kamba za kukwea, na chakula kikawekwa akiba kidogo kidogo kutoka kwenye posho. Mojawapo ya ramani zao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa chakula. Walitoroka tarehe 24 Januari 1943. Barsotti aliugua, Benuzzi na Balletto walishindwa na Batian lakini wakafika Lenana, wakasimika bendera ya Italia, kisha wakarudi kambini kwa hiari yao. Walihukumiwa siku 28 za kifungo na kutumikia saba, kwa sababu mkuu wa kambi aliuthamini ujasiri wao.

Hadithi hiyo hupendwa, na inastahili kupendwa, ila wakati mwingine hutumiwa kumnyamazisha anayeomba: mbona wale waliweza bila chochote? Waliweza kwa sababu Lenana husamehe mambo ambayo mita 8,000 hazisamehi. Cha kuiga kwao ni ile miezi ya subira kabla ya safari, wala si umaskini wa vifaa vyao.

Mfano ulio karibu zaidi na mchango wenyewe ni James Kagambi, ambaye wapandaji humwita KG. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi nchini Kenya kabla ya kujifunza upandaji kwenye Mlima Kenya na kuwa mkufunzi wa NOLS, shule ya Marekani ya mafunzo ya nyikani. Mwaka 1989 alifika kilele cha Denali huko Alaska. Tarehe 12 Mei 2022, akiwa na umri wa miaka 62 na magoti yanayomsumbua, alifika kilele cha Everest na msafara wa Full Circle ulioandaliwa na Phil Henderson, akawa Mkenya wa kwanza kusimama pale. Msafara huo uliwakusanya wapandaji weusi kwa makusudi, kwani kabla yao watu weusi waliokuwa wamefika kilele hicho walikuwa kama kumi tu, kati ya maelfu. Pesa zilitoka kwa kampuni za vifaa na pia kwa watu wa kawaida waliotuma walichokuwa nacho kwa njia ya mtandao. Hiyo ni harambee kwa maana kamili, hata kama wengi waliochanga hawajui neno hilo.

Aliyemchangia Kagambi alikuwa akilipia hatua za mwisho za safari iliyokwisha kutembewa kwa zaidi ya miaka 30. Hili ni jambo la kutafakari kwa kila anayetaka kufungua paybill baada ya kupanda Lenana mara chache. Mchango wa mlima hutafutwa kwa rekodi: siku alizolala juu, hali ya hewa aliyoikimbia, mara alizogeuka akiwa amebakiza saa moja kufika. Hayo ya kugeuka ndiyo yanayopaswa kuelezwa kwa sauti kubwa, kwa sababu mchangaji anataka kujua kama pesa zake zitamrudisha mtu.

Afrika ina mifano mingine. Sibusiso Vilane, mlinzi wa wanyamapori kutoka Eswatini, alifika Everest mwaka 2003 baada ya John Doble, aliyekuwa balozi wa Uingereza nchini humo, kumtia moyo na kumsaidia kutafuta fedha. Wilfred Moshi, mwongozaji wa Kilimanjaro, alifika mwaka 2012, wa kwanza kutoka Tanzania. Saray Khumalo, mzaliwa wa Zambia anayeishi Afrika Kusini, alifika Mei 2019 katika jaribio lake la nne, na upandaji wake aliufungamanisha na uchangishaji wa maktaba za shule. Njia ya Khumalo inamjibu vizuri yule mzee wa kijijini, maana mlima unashuka na vitabu. Hata hivyo ina mtego wake. Mtu akitoa shilingi 500 afikiri ananunua kitabu, kumbe amelipia mtungi wa oksijeni, uaminifu umevunjika, na Meru ni mahali ambapo mweka hazina hukumbukwa kwa miaka mingi. Mifuko inapaswa kuwa miwili, yenye hesabu mbili, na kila mchangaji achague anaingia upi.

Jina la Cheruiyot Kirui haliwezi kurukwa. Alikuwa mzaliwa wa Nandi, mfanyakazi wa benki ya KCB, mpandaji wa ridhaa aliyefanya mazoezi kwenye Mlima Kenya. Mwaka 2023 alifika kilele cha Manaslu, mita 8,163. Mei 2024, akiwa na miaka 40, alikwenda Everest akikusudia kufika juu bila kutumia oksijeni ya mitungi. Tarehe 22 Mei yeye na mwongozaji wake, Nawang Sherpa, walipoteza mawasiliano wakiwa karibu na kilele. Mwili wa Kirui ulionekana chini kidogo ya kilele. Nawang naye hakurudi. Familia ya Kirui iliamua mwili wake ubaki mlimani, ili asiwepo mwingine wa kuhatarisha maisha kwa kuushusha.

Uamuzi huo unahitaji kupimwa kwa mizani ya huku kwetu, ambako mchango mkubwa kuliko yote mara nyingi ni wa kumrudisha marehemu nyumbani. Watu wa Embu na Meru husafirisha maiti kutoka Mombasa, kutoka Ghuba, kutoka Marekani, kwa gharama inayowaacha na madeni, kwa sababu mtu huzikwa kwao. Familia iliyokubali mwanawe abaki juu ya barafu ya ugenini, kwa kuwahurumia wana wa wengine, ilitoa kitu ambacho hakuna paybill inayoweza kukipokea. Na katika habari zote za Kirui lisisahauliwe jina la Nawang, ambaye naye alikuwa na watu wake.

Kwenye kilele cha Everest oksijeni inayoingia mapafuni ni kama theluthi moja ya ile ya usawa wa bahari. Kwenye Lenana ni zaidi kidogo ya nusu. Katika tofauti hiyo ndimo pesa nyingi za mchango zinamoingia. Sehemu kubwa ya bajeti inanunua uwezekano wa kurudi: mtungi wa akiba, mtu wa pili wa kusaidia, siku tano za kungoja hewa itulie badala ya mbili. Mpandaji anayepunguza gharama hupunguza hapo kwanza, kwa sababu hapo ndipo pasipoonekana kwenye picha. Anayechangiwa nusu ya anachohitaji akaamua kwenda hivyohivyo ameingia katika hatari ambayo wachangaji wake hawakuiona, na wengine wangezuia mkono wao kama wangeijua.

Mazoezi yenyewe, kwa bahati nzuri, ni nafuu, na hapa miteremko hii ina utajiri. Kiang'ombe huko Mbeere, Karue karibu na Runyenjes, na vilima vya Nyambene upande wa Meru ni ngazi zisizolipiwa. Mtu abebe mtungi wa lita 20 za maji, apande, aumwage juu ili aokoe magoti, ashuke, arudie. Baada ya hapo kuna njia ya Chogoria. Lango lake liko karibu na mita 3,000, mwanzi ukiisha na mimea ya nyanda za juu ikianza. Kutoka hapo mtu anaweza kulala Ziwa Ellis, kisha apande hadi Mintos, juu ya mita 4,200, mahali ambapo bonde la Gorges linafunguka na Ziwa Michaelson linaonekana chini kabisa. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usilale juu zaidi ya takriban mita 500 kuliko ulipolala jana yake. Mapafu hayajali ratiba ya likizo ya mtu, wala akiba yake.

Kalenda ya pesa nayo ina mwinuko wake. Wakulima wa chai wanaouza kupitia shirika la KTDA hupokea bonasi mwezi wa Oktoba, na kuanzia viwanda vya Mungania na Rukuriri upande wa Embu, kupitia Weru, hadi Imenti na Githongo upande wa Meru, huo ndio mwezi ambao watu hununua ng'ombe, hulipa deni la duka na kukumbuka ahadi. Januari karo inangoja. Msimu wa Everest unafika Aprili. Anayetaka kuchangiwa na watu wake, kwa pesa za jasho lao, awape angalau Oktoba mbili, na zaidi kama baridi kali imeunguza majani. Asitegemee mgeni wa heshima mwenye bahasha nene pia, maana Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Hilo laweza kuwa baraka kwa mpandaji. Mchango wa wengi, wa shilingi 200 na 500, unamfunga kwa watu wanaotaka kumwona tena sokoni, na mtu wa namna hiyo hugeuka mapema zaidi kuliko aliyepewa pesa na anayetaka jina lake lisomwe kileleni.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Mpandaji huyu anakwenda kucheza mbali, ambako jirani yake hataona hatua hata moja. Kwa hiyo ni juu yake kuuleta mlima nyumbani kabla hajaondoka: awachukue vijana wa shule mbili tatu hadi lango la Chogoria, aketi na kina mama wa kituo cha kununulia chai awaonyeshe karatasi ya bajeti mstari kwa mstari, ajibu swali la mzee bila kukasirika.

Katika yote haya kuna kundi ambalo haliombwi ushauri. Waongozaji na wapagazi wa Chogoria wameifikia Lenana mara nyingi kuliko mpandaji yeyote wa ridhaa katika kaunti hizi, na ujuzi huo umewaletea riziki ndogo na majina machache. Kamati ya mchango wa mlima mkubwa ingefanya vyema kumpa mmoja wao kiti, pembeni ya mweka hazina, na neno lake lihesabiwe sawa na la mwenyekiti. Huyo ndiye atakayeuliza ni lini mara ya mwisho mwombaji alilala juu ya mita 4,000, alikula nini, kichwa kilimuuma upande gani. Atauliza kama bima ya mwongozaji wa huko ugenini imelipwa kabla ya kibali. Atauliza ni nani mwenye amri ya kusema wageuke, na wageuke saa ngapi hata kilele kikiwa mbele ya macho. Majibu hayo yachapwe kwenye kadi ya mchango, juu ya nambari ya paybill, ili kila atakayetoa ayasome kabla ya kubonyeza simu.